Kupakia kwa Ghibu

Katika steshenari za Turiani, Morogoro, hakuna mteja anayesema "nipakilie faili." Kijana aliyemaliza kidato cha sita huja na vyeti vyake ndani ya bahasha ya kaki, dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu likiwa wazi, akasema "niwekee vyeti," au kwa kifupi zaidi, "niombee mkopo." Kazi zote zilizomo humo, za kuskani, kupunguza ukubwa na kutuma, anamwachia mwenye kompyuta. Mwenye kompyuta naye ana msamiati wake. Cheti kikikataa kuingia kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo au wa Ajira Portal, husema "kimegoma kupanda." Kikikubali, "kimepanda." Neno pakia limeandikwa kwenye kioo cha mashine mbele yake, ila mdomoni hulisikii.

Wakati huohuo, upande wa pili wa mfumo, mwandishi wa programu ana sentensi yake ambayo kwa Kiswahili inakuwa ngumu kuliko inavyostahili: kupakia faili kutoka kwenye kumbukumbu. Ina maneno matatu makubwa, na kila moja lina kwao, ambako lina kazi nyingine.

Tuanze na pakia. Turiani ni nchi ya miwa. Msimu wa mavuno ukifika, miwa hukatwa, hupakiwa kwenye matrela, huvutwa na matrekta mpaka kiwanda cha sukari cha Mtibwa, na pale hushushwa. Hupakiwa, hushushwa. Sijasikia mtu akisema miwa "imepakuliwa," kwa kuwa huku kupakua ni kazi ya mwiko na sahani: mpunga wa Mkindo umekobolewa, umepikwa, wali unapakuliwa. Jozi kamili ya kupakia na kupakua utaisikia bandarini, Dar es Salaam au Tanga, palipo na meli na shehena. Kwa hiyo tunapoambiwa tupakie picha na kupakua wimbo, tunazungumza kama makuli wa gatini, hata kama bahari hatujawahi kuiona.

Mimi naipenda jozi hiyo kuliko ile ya mtaani. Panda na shuka zimefuata mawazo ya Kiingereza, ambako seva iko juu na mtumiaji yuko chini, kana kwamba data inakwea Milima ya Nguru. Seva haiko juu ya kitu chochote. Huenda ipo chumba cha chini kabisa cha jengo fulani. Kiswahili cha bandarini kinauliza swali lenye maana zaidi: chombo ni kipi, na mzigo unaingia au unatoka? Ukituma cheti, chombo ni seva, nawe unaipakia. Ukichukua fomu, unapakua kutoka humo humo. Wala hatuhitaji neno jipya kwa kile kinachobebwa: shehena ipo, na watu wa itifaki za mtandao wangeichukua leo ingewafaa.

Taabu ni kwamba chombo hubadilika. Fungua ukurasa wowote wenye mtandao mzito, kioo kitakuandikia "inapakia." Hapo meli imekuwa simu yako. Na programu inaposoma faili kutoka diski na kulitia ndani ya ramu, yaani kumbukumbu ya kompyuta, tunasema pia imelipakia, na safari hii meli ni ramu. Kiingereza kina neno moja kwa kutuma na jingine kwa hayo mawili. Sisi tuna moja. Matokeo yake, "kupakia faili kwenye kumbukumbu" na "kupakia faili kutoka kwenye kumbukumbu" zinatenganishwa na neno moja dogo, kutoka, ilhali katika ya kwanza faili linaingia ndani ya ramu na katika ya pili linatoka nje kwenda mashine nyingine. Mwanafunzi akiruka neno hilo, ameandika programu ya kinyume.

Kazi yenyewe ina historia fupi. Fomu za mwanzo za kurasa za mtandao zilibeba maneno tu: jina, umri, anwani. Novemba 1995 Nebel na Masinter wa kampuni ya Xerox walitoa waraka, RFC 1867, ulioonyesha jinsi fomu inavyoweza kubeba faili. Njia yao ndiyo inayotumika hadi sasa, kwa jina la multipart/form-data, na ilirekebishwa mwaka 2015 katika RFC 7578. Ujumbe hukatwa vipande, na kati ya kipande na kipande huwekwa mpaka, yaani mfuatano wa herufi uliochaguliwa ili usitokee ndani ya shehena yenyewe. Kila kipande kina kichwa chake kinachotaja jina la sehemu, na cha kipande chenye faili hutaja pia jina la faili na aina yake. Cheti cha yule kijana wa Turiani husafiri hivyo, kikiwa kimefuatana na jina lake na namba yake ya mtihani, kila kimoja nyuma ya mpaka wake.

Kikifika, seva hukipokea kwa desturi yake. Lugha ya programu ya PHP hukiandika kwanza kwenye diski kama faili la muda, na mwandishi asipolihamisha kwa move_uploaded_file, ombi likiisha faili nalo linafutwa. Mfumo wa Django hupima: faili lisilozidi megabaiti 2.5 hulishika ndani ya ramu, likizidi hapo hulipeleka diski. Mtumiaji haoni tofauti yoyote. Anaona duara linazunguka.

Sasa geuza mambo. Chukua seva ambayo yenyewe ndiyo inayotuma. Mfumo wa hospitali umetengeneza risiti ya PDF, au majibu ya vipimo, na unatakiwa kuyapeleka kwenye seva nyingine ya kuhifadhia. Waraka huo haujawahi kukaa kwenye diski. Umezaliwa ndani ya ramu, ni mfuatano wa baiti tu. Mwandishi aliyefundishwa njia ya zamani huuandika kwenye faili la muda, hulifungua tena, hulituma, kisha hulifuta. Programu ikifa katikati, faili linabaki, na majibu ya mgonjwa yanalala kwenye folda ambayo hakuna anayeikumbuka. Maombi mawili yakitumia jina moja la faili, mgonjwa wa pili atafuta wa kwanza. Njia safi ni kutuma baiti hizo moja kwa moja.

Lugha nyingi za programu zimetoa vifaa vya kazi hiyo: Python ina BytesIO, Java ina ByteArrayInputStream, .NET ina MemoryStream, Node ina Buffer. PHP, ambayo imebeba sehemu kubwa ya tovuti duniani, ilichelewa kidogo kwa upande wa maktaba yake ya cURL. Kitu chake cha CURLFile kilidai njia ya faili kwenye diski. Ilipotoka PHP 8.1, Novemba 2021, ndipo kikaja CURLStringFile, ambacho unakipa yaliyomo, jina na aina, basi. Kabla ya hapo watu waliandika mafaili ya muda au wakatafuta hila nyingine.

Watu wa Mtibwa wanaijua biashara ya namna hii bila kompyuta. Muwa uliokatwa haulazwi ghalani, maana kila saa inayopita sukari yake inapungua. Hutoka shambani ukaenda kinuni. Ghala lipo, lakini ni la sukari. Na wanajua pia upande wa pili: matrela yote yakifika kwa pamoja, foleni inafungana. Ramu ndivyo ilivyo. Kwa mpangilio wa kawaida PHP huipa programu moja megabaiti 128, na mtu akituma video ya harusi, ukataka kuishika nzima kichwani mwa seva, programu inakatika palepale. Kwa mizigo mikubwa diski bado ni rafiki, au unautuma mzigo vipande vipande.

Neno la pili, faili, halina ugomvi mkubwa, ingawa limebeba jambo zuri. Faili letu la kwanza ni la karatasi. Linakaa masijala, ya wazi au ya siri, kurasa zake zina namba za folio, na bosi huandika dokezo ndani yake. Wapo waliotaka tuseme jalada, na polisi na mahakama wanalisema hadi leo, "jalada la kesi limepelekwa kwa mwendesha mashtaka." Kwenye kompyuta faili lilishinda, na sioni sababu ya kurudisha mchezo huo uwanjani.

Lililo zuri ni hili. Karatasi zilizotawanyika mezani kwa karani hazijawa faili. Zinakuwa faili zikipewa gamba, jina na namba. Baiti zilizomo ndani ya ramu nazo hazina jina, hazina folda, hazina tarehe. Ukizituma kwa multipart/form-data bila kutaja jina la faili kwenye kichwa cha kipande, PHP upande wa pili itazitia kwenye $_POST, pamoja na majina na umri, kama maneno ya kawaida. Ukitaja jina, hata la kubuni, baiti zilezile zinaingia kwenye $_FILES na kupewa heshima zote za faili. Kwa hiyo CURLStringFile inapodai jina haikusumbui kwa ukaidi; jina ndilo linalolifanya faili liwe faili. Mtu wa masijala hahitaji kuelezwa hilo mara mbili, na katika jambo hili neno letu limewatumikia waandishi wa programu vizuri kuliko wanavyojua.

Kumbukumbu ndiyo inayonikosesha usingizi.

Soma matangazo ya ajira serikalini, utakuta nafasi ya Msaidizi wa Kumbukumbu Daraja la II. Huyo ni mtu wa masijala. Kuna Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, inayofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2002, na kazi yake ni kuhakikisha maandishi ya serikali hayapotei. Kitabu cha tano cha Biblia kinaitwa Kumbukumbu la Torati, kwa kuwa humo sheria inasemwa upya ili taifa lisiisahau. Gazetini, picha ya marehemu huchapwa chini ya kichwa cha kumbukumbu, miaka mingi baada ya mazishi. Popote utakapoligusa neno hili, linazungumzia kitu kilichokataa kufutika.

Kisha tukalichukua tukalibandika kwenye ramu, sehemu ya kompyuta ambayo umeme ukikatika haibaki na hata herufi moja.

Mwambie Msaidizi wa Kumbukumbu, bila kumfafanulia zaidi, kwamba unataka kupakia faili kutoka kwenye kumbukumbu. Atainuka aende rafuni. Kwa lugha ya kompyuta amekwenda kwenye diski, mahali pale hasa ambapo sentensi yako ilitaka kupaepuka. Nayo lugha ya mtaani haimwokoi. Turiani, kama kwingine Tanzania, "memori" ni ile kadi ndogo ya simu: "niwekee nyimbo kwenye memori." Nyimbo hizo zinakaa, simu izimwe isizimwe. Neno rasmi na neno la mtaani, yote mawili, yameegemea upande wa kudumu. Mafundi simu peke yao ndio wametengua fundo hili, kwa kutojali sarufi ya mtu: simu ina "ramu nne" na "GB sitini na nne," na kila mteja anajua ipi ya kuendesha programu na ipi ya kutunzia picha.

Tusiwalaumu sana waliotunga. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na katika miaka iliyofuata watu wengi waliopenda lugha hawakuwa na mashine ya kuigusa. Maneno yalitungwa kwa kusoma, si kwa kutumia. Ndipo zikaja ngamizi, ambayo haikushika, na tarakilishi, iliyounganishwa kutokana na tarakimu na akili, ambayo Kenya wameipenda kuliko sisi. Kompyuta ikapita katikati yao kama mtu mwenye haraka. Baadaye waliokaa na mashine mbele yao walifanya kazi nzuri. Mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004 ulilazimika kuchagua neno kwa kila kitufe, na mengi ya aina hiyo, hariri, futa, hifadhi, mtoto wa sekondari leo anayatumia bila kuuliza.

Tazama hifadhi. Kwa mtu wa Morogoro hifadhi ni Mikumi, mahali ambapo wanyama wanatunzwa wasiishe. Kwa mwanafunzi wa madrasa, kuhifadhi ni kuishika Kurani kifuani, sura kwa sura. Ukibofya "hifadhi," kazi yako inatoka kwenye ramu inayosahau ikaenda diski inayotunza. Neno limekaa mahali pake. Sasa, yule aliyehifadhi Kurani akisoma bila kuangalia msahafu, Waswahili tunasemaje? Tunasema anasoma kwa ghibu.

Hilo ndilo ninalolipendekeza: kupakia kwa ghibu.

Ghibu ni kusema au kusoma jambo bila kuliangalia lilipoandikwa. Asili yake ni Kiarabu, shina lilelile la kutokuwepo lililotupa ghaibu, mambo yasiyoonekana, na ughaibuni, huko waliko ndugu waliohama. Kisichokuwepo katika ghibu ni kitabu. Kisichokuwepo katika kupakia kwa ghibu ni diski. Neno halidai kwamba ramu inakumbuka milele. Linasema tu kwamba wakati wa kutuma, hakuna mahali pa maandishi panapofunguliwa. Linaeleza tendo, nalo linaacha kifaa kiitwe ramu, kama mafundi simu walivyokwisha kuamua. Na linaondoa ule utata wa kutoka na kwenye. "Pakia picha kwa ghibu" haiwezi kusomeka kinyume.

Najua pingamizi. La kwanza ni kwamba ghibu ni neno la pwani na la madrasa, na bara wengi hawalijui. Ni kweli, lakini bara hawakuijua hariri ya maandishi pia, walijua ya kitambaa. La pili ni kwamba tuna kukariri. Kukariri kumeharibiwa jina na shule zetu: mtoto anayekariri ndiye asiyeelewa. Wengine watasema kumbukizi, lakini hiyo imeshachukuliwa na maadhimisho, kumbukizi ya fulani na ya fulani, tena nayo inatazama yaliyodumu. Kumbukumbu ya muda ndiyo mpinzani wa kweli. Inaeleweka, na kwa ramu yenyewe naweza kuivumilia kwenye kitabu cha shule. Ila "kupakia faili kutoka kwenye kumbukumbu ya muda" ni sentensi ya kusomwa na kamati. Mtu anayefundisha wenzake kuandika programu saa mbili usiku, akiwa na kompyuta moja kwa watu watano, ataikata, na akiikata atakata yale maneno ya mwisho, akaturudisha masijala.

Neno hushikaje basi? Uwanja wa Manungu, nyumbani kwa timu ya Mtibwa Sugar, mabingwa wa Bara wa mwaka 1999 na 2000, shabiki wa Turiani hupiga kelele "ameotea!" hata kama hajui ukurasa wa kamusi ulipo. Kuotea kumeshika kwa sababu neno na kibendera vilionekana pamoja, mara nyingi, mbele ya watu wengi. Istilahi za kompyuta zinakosa kibendera. Mafunzo mengi ya programu kwa Kiswahili hueleza kwa Kiswahili na kutaja kila kitu kwa Kiingereza, kisha tunashangaa kwamba maneno yetu hayaendi popote.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wanaofundisha na wanaoandika maelezo ya programu kwa Kiswahili. Mara ya kwanza andikeni "kupakia kwa ghibu, yaani bila kuandika kwenye diski." Mara ya pili andikeni "kwa ghibu" peke yake. Kumbukumbu waachieni watu wa masijala.